Daftari la babu na kalamu ya baba mdogo

Swali limetoka kwa msomaji wa Igombe, Mwanza. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Babu yangu mzaa baba alipigana Vita vya Kagera. Aliporudi akawa mvuvi hapa Igombe mpaka alipofariki mwaka jana. Ameacha kaunta buku la kwaya mbili lenye mashairi 31 ya vita. Bibi anasema alikuwa akiyaimba usiku akishona nyavu, lakini hakuwahi kumpa mtu asome. Sasa tunajiandaa kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja na ukoo umeamua yachapwe kijitabu. Baba mdogo ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Anasema mengi ni guni, hivyo ameanza kuyanyoosha vina na mizani ili marehemu asichekwe. Mimi ndiye ninayechapa. Kila nikichapa marekebisho roho inasita, ila sina hoja ya kumwambia mtu mzima. Je, ni kosa kuyarekebisha? Na haya ni mashairi ya vita kweli? Nilitegemea mapigano, nakuta viatu, mvua na wanyama swala. Nimekutumia picha za kurasa 12."

Marahaba, mwanangu, na poleni na msiba.

Kwa kifupi, mwombe baba mdogo aweke kalamu chini kwanza. Sisemi hajui kazi. Anajua, na huko mbele kuna mahali nitampa haki yake. Ila katika picha ulizonitumia amegusa beti mbili ambazo mimi ningekatwa mkono kabla ya kuzigusa, na hoja unayoitafuta imo ndani ya beti hizo hizo. Huna haja ya kubishana naye. Mwonyeshe tu.

Tuanze na lile analolisema kwa haki. Guni ni shairi lililokosa urari: ama vina havikukaa, ama mizani zimepungua au kuzidi. Babu yako alitunga kwa bahari ya kawaida kabisa, ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane upande wa ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane upande wa utao, nusu ya pili, kina kimoja katikati na kingine mwishoni. Ndivyo mashairi ya ukurasa wa gazeti la Uhuru yalivyokuwa, ndivyo redio ilivyoyasoma, na kijana aliyepita shuleni miaka ya Azimio la Arusha aliyakuta kila mahali. Kwa hiyo babu yako alijua kuhesabu. Tazama ubeti wa kwanza kabisa wa daftari:

Nduli Amini sikia, siku zako zimekwisha,
Mpaka umeingia, watu umewahamisha,
Jeshi letu laja pia, kiburi tutakushusha,
Tanzania, Tanzania, nduli tutamkomesha.

Hesabu kwa vidole. Nane kwa nane, hakuna hata moja iliyoteleza. Hata "mpaka" ameihesabu sawasawa, m-pa-ka, tatu. Baba mdogo hakuugusa ubeti huu, na ameuweka uwe wa kwanza kwenye kijitabu.

Nitasema jambo ambalo huenda ukoo usilipende: huo ndio ubeti dhaifu kuliko yote uliyonitumia. Si mbaya, ni wa kila mtu tu. "Nduli" ilikuwa midomoni mwa nchi nzima tangu Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa tarehe 2 Novemba 1978 na kusema kwamba uwezo wa kumpiga Idi Amin, mtawala wa Uganda, tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Mashairi ya namna hii yalimiminika kama mvua za masika. Na liangalie neno "pia" kwenye mshororo wa tatu. Linafanya nini pale? Jeshi laja, na nani mwingine aja? Hakuna. Limewekwa kuziba pengo la kina cha -a. Kwa hiyo tunalo shairi lisilo na kosa hata moja la urari, na ndani yake limo neno ambalo halina kazi. Likumbuke hilo, maana baba mdogo anakwenda kufanya hivyo hivyo kwenye ubeti ulio hai.

Ubeti wenyewe ni huu, wa ukurasa wa 4:

Mvua kwenye majani, hatukuweza kulala,
Viatu vi mkononi, twangoja pale Kagera,
Daraja limo majini, limekaa kama chura,
Akauliza jirani, nyumbani wameshakula?

Baba mdogo amepiga mstari chini ya Kagera na chura. Vina vya mwisho, anasema, ni -la, -ra, -ra, -la, vimechanganyika. Kwa penseli akaandika pembeni: "twangoja pale pahala" na "limekaa na kulala."

Kwenye karatasi ana haki. Sikioni hana. Babu yako alikuwa Msukuma, na Kisukuma kinaishi na l. Hiyo r ni mgeni aliyekuja na Kiswahili. Sote tuliokulia huku tumewahi kuchekwa na watu wa pwani kwa ajili yake. Ukurasa wa 9 babu ameandika "tumerara" kwa kuogopa kukosea, akakosea upande wa pili. Mtu wa namna hiyo akitamka kulala, Kagera, chura, kula, anasikia kina kimoja mara nne. Ubeti wake una vina kamili, kwa sikio lililoutunga. Mwombe bibi autamke, kisha baba mdogo asikilize macho yakiwa yamefumbwa.

Halafu angalia gharama ya marekebisho. "Pale pahala" imefuta jina la mto. Mwaka 1978 mto huo ndio ulikuwa habari yenyewe: majeshi ya Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba, yakashika eneo lote la kaskazini ya mto, Amin akatangaza kwamba sasa ni lake, na tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa ili wetu wasivuke. Mkoa wenyewe wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera umelipata baada ya vita. Askari aliyelala kwenye majani upande wa kusini akitazama chuma kilichoanguka, ukimfutia "Kagera" ukamwekea "pahala," umemnyang'anya uwanja wake wa vita.

Na chura! Mimi nimefundisha ushairi miaka mingi, nimesoma madaraja ya kila aina, ya urafiki, ya uchumba, ya maendeleo. Sijaona daraja lililokaa kama chura. Lakini ukiwahi kuona boriti za chuma zilizokunjika kati, magoti juu, tumbo majini, unajua aliliona kwa macho yake. "Limekaa na kulala" halijaonwa na mtu. Ni ile "pia" imerudi kwa nguo nyingine, tena inarudia "kulala" ya mshororo wa kwanza, jambo ambalo baba mdogo angemkata mwanafunzi maksi.

Uliuliza mapigano yako wapi. Soma mshororo wa nne tena. Mtu aliyelala pembeni yake, anamwita "jirani" kama vile wako kijijini na ua mmoja unawagawa, anauliza kama nyumbani wameshakula. Wameshika viatu mkononi, maana yake ama wanangoja kuvuka maji ama wanatakiwa kutembea bila kishindo. Muda si mrefu ndiyo Operesheni Chakaza, wanasukuma kuelekea mpakani. Na huyu anawaza sufuria la ugali la mama yake limeteremshwa au bado. Kwangu mimi hayo ndiyo mapigano. Mtu aliyeyasikia redioni angeandika risasi. Babu yako aliandika lile ambalo redio haikuwa na njia ya kulijua.

Sasa tuje kwenye ubeti ulionifanya nikujibu kwa kirefu hivi. Ukurasa wa 17, juu ameandika kwa herufi kubwa LUKAYA. Shairi lina beti tisa, huu ni wa saba:

Njia yapita topeni, kushoto kulia maji,
Tukaruka mateteni, hatujui mpigaji,
Nikaita humo ndani, jina lake, la kijiji,
Kofia ipo majini, yeye hayupo.

Lukaya ipo Uganda, kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, mahali ambapo njia inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi. Wetu walikuwa wameshaichukua Masaka tarehe 24 Februari 1979. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Machi wakakutana pale na majeshi ya Amin yakiwa pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi, na mwanzoni mambo yaliwaendea vibaya, watu wakatawanyika kwenye matete gizani. Asubuhi upepo ukageuka, lakini ubeti huu haujafika asubuhi.

Baba mdogo ameandika pembeni: "Utao pungufu, mizani 5, kina kimekosekana." Hesabu yake ni sahihi. Ye-ye ha-yu-po, tano. Kina kilitakiwa kiwe -ji, kimekuwa -po. Yeye anapendekeza "amekwisha kunywa maji." Mizani nane, kina -ji, safi.

Sasa chukua simu yako, fungua picha uliyonitumia, uivute ikue. Chini ya "yeye hayupo" kuna maneno yaliyokatwa kwa mstari, wino ule ule wa bluu. Nimeyageuza kwenye mwanga, nikaomba macho ya kijana aliye karibu yanisaidie. Yanasomeka: *amekwisha kunywa maji*.

Ni maneno yale yale, mwanangu. Sidhani kama baba mdogo aliyaona. Nadhani aliyafikia mwenyewe kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kutokea pale, na fundi yeyote wa vina angeyafikia. Babu yako naye aliyafikia. Alikuwa na mizani nane mkononi, kina mkononi, shairi limekamilika. Akakata. Akaandika tano.

Hapo hatuna guni tena. Guni ni mtu ameshindwa kufika nane. Huyu alifika, akarudi.

Mjuzi anaweza kuuliza: si msuko huo? Maana ipo bahari inayoitwa msuko, ambayo kituo chake, yaani mshororo wa mwisho, kinakuwa kifupi kuliko mishororo mingine kwa makusudi. Hapana. Msuko hufupisha kituo katika kila ubeti, ndiyo sura ya shairi zima. Hapa beti nane zina nane kwa nane bila kukosa, mmoja tu ndio umekatika. Wala babu yako hakuwa mwanamabadiliko. Ule ugomvi wa miaka ya sabini kati ya watetezi wa vina na vijana wa mashairi huru, uliochochewa sana na mtoto wa Ukerewe hapo ng'ambo yetu, Euphrase Kezilahabi, alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, sioni dalili kwamba ulimfikia au ulimhusu. Yeye aliiheshimu kanuni. Na kwa sababu aliiheshimu mara sita mfululizo, sikio letu linakuwa limezoea kukanyaga ngazi ile, na kwenye ubeti wa saba mguu unakanyaga hewa. Asiye na kanuni hawezi kukufanyia hivyo.

Ngoja niseme na yangu, nisije nikaonekana malaika. Zamani kidogo nilikuwa napitia mashairi ya wasomaji kabla hayajachapwa kwenye gazeti moja. Mzee mmoja aliyepigana Burma enzi za Keya, jeshi la mkoloni Mwingereza, alileta beti sita, zimepinda huku na huku. Nikazinyoosha usiku mmoja, nikajipongeza. Zilipotoka alikuja na gazeti limekunjwa kwapani, akalifungua juu ya meza, akasoma polepole mpaka mwisho. Akaniambia, "Mazuri haya. Ya nani?" Sikuwa na jibu, na ile nakala yake ya mkono nilikuwa nimeshaitupa.

Kwa hiyo usitupe kitu.

Nilisema baba mdogo nitampa haki yake. Ukurasa wa 12 lipo shairi lenye kibwagizo "Tulipofika Masaka, mji wote umekwisha." Kinarudi kila ubeti. Kwenye ubeti wa nne imeandikwa "mji umekwisha," mizani sita. Hapo usitafute siri. Mkono umeruka neno "wote" wakati wa kunakili, labda koroboi ilikuwa inazimika. Ushahidi ni kwamba beti zote nyingine zinalo, na hakuna alichokata wala kubadili. Rudisha "wote," liweke kwenye mabano ya mraba ili msomaji ajue limerudishwa. Vivyo hivyo ukurasa wa 6, "tulivyuka" ni "tulivuka," na ukurasa wa 11 amerudia mshororo mzima mara mbili alipogeuza karatasi. Hayo baba mdogo asahihishe kwa raha zake.

Unatofautishaje basi kosa la mkono na mkato wa makusudi? Mimi hutazama kwanza kama shairi lenyewe lina mahali pengine panaponiambia umbo lililokusudiwa, kama kibwagizo cha Masaka. Kisha natazama wino: palipokatwa na kuandikwa upya, mtu alifikiri. Mwisho naimba. Babu yako alikuwa anaimba na nyavu magotini, si kusoma, na sauti huweza kumeza mizani moja au kuivuta nyingine bila wimbo kuumia. Yupo bibi aliyezisikia. Mrekodi sasa hivi, wiki hii, kabla hata ya kuchapa. Simu inatosha.

Kuna jambo jingine dogo limenichekesha. Ukurasa wa 8 babu ameandika "Saba saba ikilia, hata mbuzi hulaliana," na mmeweka maelezo chini kwamba anasherehekea Siku ya Saba Saba. La hasha! Saba saba kwa askari wa vita ile ni mzinga wa maroketi, ule wa Kirusi, BM-21, wenye mabomba 40 juu ya lori. Mlio wake ulijulikana Uganda kote, na jina hilo wanalikumbuka hadi leo. Futa maelezo hayo. Na kwa kuwa uko hapo, tengeneza orodha ya maneno ya kijeshi aliyoyatumia, handaki, mtutu, kombania, uulizie maana kwa wazee waliokuwa naye, wapo Ilemela na Magu wangali hai.

Umesema umekuta swala. Mimi huyo swala ndiye nimempenda kupita kiasi. Shairi la ukurasa wa 22 ameacha mizani 16 akaingia utenzi, mizani nane kila mstari:

Ndege ilitoka mbali,
Ikatafuta petroli,
Ikakosa, kweli kweli,
Swala wakafia vita.

Watoto wa Mwanza wa sasa hawajui kwamba mji wao ulishambuliwa. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, Tupolev, ilitumwa kupiga matangi ya mafuta hapa mjini. Ikakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, pale ukisimama Capri Point unakiona, ambacho kilikuwa kimehifadhiwa wanyama tangu miaka ya sitini na leo ni hifadhi ya taifa. Waliokufa ni swala na ndege wa porini. Nilikuwa mdogo, ninachokumbuka ni kishindo, na mama akihesabu vichwa vyetu mara mbili mbili.

Lakini fikiri: siku ile babu yako alikuwa Uganda. Hakuona. Aliandikiwa barua au alihadithiwa aliporudi, na ndiyo maana shairi hili lina utani ambao yale mengine hayana. Mtu yuko vitani, anangoja kufa, halafu anapata habari kwamba bomu limefika nyumbani kwao kabla yake na limeua swala. Ule mstari wa nne anautamka kama anayetangaza majina ya mashujaa. Mkiwa mnapanga maelezo ya kijitabu, lisemeni hili wazi: hapa anasimulia aliyoyasikia, kule Kagera na Lukaya anasimulia aliyoyaona. Msomaji anastahili kujua tofauti. Na kwa sababu hiyo hiyo msiyatumie mashairi kuthibitisha nani alikuwa kombania gani na tarehe gani. Kwa hilo kuna kumbukumbu nyingine.

Je, ni mashairi ya vita kweli? Kiswahili kina utamaduni mrefu wa kuimba vita. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi mzima wa vita vya Wajerumani na watu wa Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga wa Maji Maji. Vita hivi vya Kagera navyo vina utenzi wake, wa Henry Muhanika. Tenzi zina kazi yake: zinashika mpangilio wa mambo, nani alianza, nani alishinda, Mungu alikuwa upande gani. Zinatazama vita kutoka kilimani. Nyimbo za huku kwetu za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma yanayoshindana, nazo zina vita vyake, ningi (manju) mmoja anamrarua mwenzake kwa maneno ili kundi la ngoma la upande wa pili liishiwe watazamaji. Ule ubeti wa "Nduli Amini sikia" unanukia huko kidogo. Lakini ya babu yako mengi hayatoki kilimani wala uwanjani mwa ngoma. Yanatoka mita moja kutoka ardhini, kimo cha mtu aliyelala kifudifudi.

Kama baba mdogo anataka mfano wa nje, mpe wa Wilfred Owen, Mwingereza aliyeuawa Ufaransa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja tu kabla ya vita kusimama. Huyo alijua vina vya Kiingereza kama kiganja chake, kisha akawa anaviharibu kidogo makusudi: konsonanti zinapatana, irabu zinakataana, kama vile mtu apange *kata* na *kuta* mahali ulipotegemea kina kamili. Wasomi wamemsifu miaka mia kwa hilo. Hakuna aliyemnyooshea.

Kuhusu kuchapa, fanya hivi. Piga picha kurasa zote za daftari, pamoja na tupu na majalada, uhifadhi mahali pawili. Chapa kama ilivyo, na "tumerara" yake. Marekebisho ya kweli yawe kwenye mabano ya mraba. Mapendekezo ya baba mdogo msiyatupe. Yawekeni nyuma kama maelezo yake, kwa jina lake, maana naye ni msomaji wa kwanza wa mashairi haya na ameyasoma kwa makini kuliko mtu yeyote. Nadhani akiona nafasi hiyo hatang'ang'ania ile nyingine. Ukurasa wa Lukaya uchapeni na picha yake pembeni, lile neno lililokatwa lionekane. Kwa kuwa ametaja majina ya wenzake waliokufa, tafuteni familia zao kabla. Pengine hawajawahi kuambiwa habari za kofia. Namba za jeshi ziondoeni. Haki za kazi ni za warithi: sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo andikeni ndani ya jalada nani anazishika, msije mkagombana mbele ya kaburi.

Siku ya kumbukumbu, kama mnataka ubeti wa kusomwa mbele ya watu, baba mdogo asome "Nduli Amini," utampendeza kila mmoja na wazee watapiga makofi. Kisha wewe usome ule wa daraja, usimame kwenye "nyumbani wameshakula?" na ukae chini.

Lukaya usiisome hadharani mpaka umezungumza na bibi. Na ninaomba umwulize jambo moja kwa niaba yangu, kwa sababu kwenye karatasi siwezi kuliona. Babu alipokuwa akiimba akafika "yeye hayupo," zile mizani tatu zilizobaki alizifanyaje? Aliingia ubeti wa nane moja kwa moja, au sindano ya nyavu ilisimama kwanza? Akikumbuka, niandikie.